Siti ya Pikapu Kuukuu Imegoma Kusogea, au Haijifungi: Itengeneze Mwenyewe

Maswali ni yaleyale. "Navuta mkono wa siti lakini siti haisogei." "Upande mmoja unaachia, mwingine umeng'ang'ania." "Nikipandisha mlima siti inarudi nyuma yenyewe." Na majibu ya mtaani nayo ni yaleyale: mwagia oili chafu, gonga na nyundo, au peleka kwa fundi wa kuchomelea aibane mojakwamoja. Oili chafu inakusanya vumbi, nyundo inapinda reli, na siti iliyochomelewa inamtaka kila atakayeendesha gari hilo awe na miguu yenye urefu wako.

Gari ninalolizungumzia hapa ni Toyota Hilux ya kabini moja, ya kizazi cha 1988 hadi 1997, hizi za modeli LN85 na LN106 ambazo hadi leo zinabeba mahindi, saruji na mbuzi, zenye siti moja ndefu ya watu watatu. Kama yako ni Land Cruiser pikapu, Isuzu au Canter ya zamani, maumbo ya vipande yatatofautiana lakini utaratibu ni uleule.

Kabla hujaenda mbali: kama tatizo lako ni kwamba siti haisogei, una muda, fanya kazi hii wikiendi. Kama siti inateleza yenyewe, usiendeshe gari hilo mpaka limetengenezwa. Uko mlima Kitonga na mzigo, unakanyaga klachi ili ubadili gia, na badala ya pedeli kwenda chini ni wewe unayekwenda nyuma. Mguu wa breki nao unaondoka palepale.

Inavyofanya kazi

Siti imekaa juu ya reli mbili. Kila reli ina vipande viwili: cha chini kimefungwa sakafuni kwa boliti, cha juu kimefungwa kwenye fremu ya siti, na kimoja kinateleza ndani ya kingine. Reli ya chini ina safu ya matundu. Reli ya juu imebeba kipande cha chuma chenye meno, na springi inakisukuma kila wakati kiingie kwenye matundu hayo. Ukivuta mkono, meno yanatoka. Ukiachia, springi inayarudisha.

Wengi hawajui kwamba mkono ni mmoja lakini kufuli ni mbili, moja kila upande. Kwenye siti ndefu, mkono unafungua kufuli ya upande wake, halafu waya mwembamba unapita chini ya siti kwenda kufungua kufuli ya upande wa pili. Kwenye siti ya mtu mmoja, badala ya waya mara nyingi kuna bomba lililopinda mfano wa herufi U, unalolishika kati ya magoti, nalo linainua kufuli zote mbili kwa pamoja. Kufuli moja ikifunguka na nyingine ikabaki, siti haiendi kokote. Ndiyo maana mkono hulaumiwa bure: mtu ananunua mkono mpya, anaufunga, na siti inabaki pale pale.

Yapo magari machache yenye kufuli upande mmoja tu, na reli ya pili inateleza bila meno. Ukimulika na tochi utaona mara moja.

Vitu vya kuandaa

Usianze kufungua ndipo ukatafute. Siti ikiwa nje, gari haliendi dukani.

- Soketi namba 12 na 14, racheti na ekstensheni. Boliti nyingi za siti za Toyota ni kichwa 14, lakini gari lililopita mikononi mwa mafundi wengi linaweza kuwa na boliti za kila aina.
- Bisibisi bapa ndefu na bisibisi nyota, plaizi ya kawaida na plaizi ya mdomo mrefu.
- Dawa ya kulegeza kutu ya kopo. Si mafuta ya breki: yanalegeza, ndiyo, lakini yanakula rangi.
- Mafuta ya taa kidogo ya kuoshea, brashi ya waya, mswaki wa zamani, matambara.
- Grisi nyeupe ya lithiamu. Ukikosa, grisi ya kawaida ya beringi itafaa ukipaka nyembamba sana.
- Waya wa breki ya baiskeli au wa klachi ya pikipiki, na vibanio viwili vidogo vya waya vyenye skrubu. Ni kwa ajili ya waya wa chini ya siti, ambao ndio hukatika zaidi.
- Tochi, simu ya kupigia picha, turubai la kulaza siti, glovu na miwani. Kingo za fremu ya siti hazikusuguliwa na kiwanda wala na mtu mwingine. Zinakata kama wembe.
- Mtu wa pili. Siti ndefu haitoki kwa mtu mmoja bila kuchana dari au mlango.

Egesha mahali tambarare, weka gia, vuta handbreki, zuia tairi kwa jiwe. Chungulia chini ya siti uone kama kuna nyaya. Hilux hizi zilitoka kiwandani bila mambo mengi chini ya siti, ila miaka thelathini ni mingi: utakuta king'ora, ampulifaya ya redio, au kifaa cha kufuatilia gari kilichofichwa hapo. Ukiona nyaya, chomoa ncha ya hasi ya betri. Kama gari ni la ofisi, mpigie simu mwenye gari kwanza, maana vifaa vingine vikikatiwa umeme vinatuma ujumbe, na hutapenda kueleza kuhusu siti huku askari amesimama mlangoni. Kama gari ni la miaka ya karibuni na una waya wenye ganda la njano chini ya siti, huo ni wa mifuko ya hewa. Usiuguse, hiyo ni kazi ya fundi umeme wa magari.

Hatua kwa hatua

1. Pima kabla ya kufungua boliti hata moja.

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayookoa muda kuliko zote. Mwenzako avute mkono wa siti na kuuachia polepole, mara kadhaa. Wewe lala sakafuni mlango ukiwa wazi, mulika tochi kwenye reli ya upande wa dereva, tazama meno. Yanatoka kabisa kwenye matundu? Yanarudi hadi mwisho? Zunguka upande wa abiria ufanye vilevile. Utaona moja kati ya haya:

- Pande zote zinafunguka, lakini siti haisogei: reli imejaa uchafu, ina kutu, imepinda, au kuna kitu kimekwama ndani yake.
- Upande wa mkono unafunguka, wa pili umetulia tu: waya umekatika, umechomoka au umelegea. Kwenye siti ya bomba la U, ncha moja imetoka kwenye tundu lake au bomba limepinda.
- Hakuna upande unaofunguka na mkono ni mlegevu: pini ya mkono imetoka au imekatika.
- Zinafunguka lakini hazirudi, au zinarudi nusu: springi imekatika, imechomoka, au uchafu unaizuia. Ndiyo hiyo ya hatari.

Andika ulichoona. Ukishatoa siti na kuigeuza, kulia kunakuwa kushoto, na kumbukumbu inakudanganya.

2. Safisha siti ikiwa mahali pake.

Ondoa mazulia na kila kilichopo chini. Pitisha bisibisi bapa ndani ya mfereji wa reli zote mbili kuanzia mbele hadi nyuma. Visoda, sarafu, punje za mahindi, misumari, kalamu: kimoja tu kikijibana mbele ya reli ya juu kinatosha kuizuia. Kama kuna upepo wa kujazia tairi karibu, puliza, macho yakiwa na miwani.

Kisha pulizia dawa ya kutu kwenye mfereji wa reli na kwenye ekseli ndogo ambayo kipande cha meno kinazungukia. Subiri dakika kumi na tano au zaidi. Rudi, mwenzako ashike mkono ukiwa umevutwa, wewe sukuma siti mbele na nyuma kwa mishtuko mifupi mifupi, mikono yako ikiwa pande zote mbili za fremu. Usisukume katikati ya mgongo wa siti. Mgongo utapinda na reli haitasogea.

Siti ikilegea hapa, usifurahi na kufunga mlango. Dawa ya kutu inakauka, na baada ya wiki chache vumbi litakuwa limerudi. Bado unahitaji kuosha na kupaka grisi, ila sasa boliti zitafikika kwa urahisi.

3. Fungua boliti nne za sakafuni.

Boliti za nyuma unazipata siti ikiwa mbele, za mbele unazipata siti ikiwa nyuma. Sasa siti iliyogoma utaifanyaje? Fungua kufuli yenyewe: upande uliogoma, ingiza bisibisi bapa na usukume kipande cha meno chenyewe, huku mwenzako akivuta mkono wa siti na kusukuma siti kwa goti. Ukikosa kabisa, tafuta boliti zinazofunga reli ya juu kwenye fremu ya siti na ufungulie hapo; siti itatoka na kuacha reli sakafuni.

Boliti zenye kutu zinataka subira. Nyingi zinapita sakafuni na ncha zake zinaonekana chini ya gari, zikiwa zimejaa matope. Lala chini, piga ncha hizo brashi ya waya, pulizia dawa ya kutu kuanzia chini, na uiache ifanye kazi usiku kucha ikiwezekana. Asubuhi, kabla ya kulegeza, kaza kidogo sana kwanza, mpaka usikie imeachia, ndipo ulegeze. Tumia soketi inayokaa sawasawa, si spana iliyochoka. Kichwa cha boliti kikishalika na kuwa duara, kazi ya saa moja inakuwa ya siku nzima.

Angalia kama kuna washa au vibati vyembamba chini ya reli. Vimewekwa hapo kusawazisha urefu. Vipige picha na uvirudishe vilipokuwa.

4. Toa siti, ilaze kwenye turubai.

Chomoa soketi za nyaya kama zipo, angalia mkanda haujazunguka fremu. Inua watu wawili, toa mlango wa abiria, upande usio na usukani. Ilaze mgongo chini, reli juu.

Kisha piga picha. Nyingi. Waya unapita wapi, springi imeshikwa kwenye tundu lipi, ncha yake inaelekea wapi. Usiguse springi yoyote kabla ya picha.

5. Osha reli.

Kwangua uchafu mgumu kwa bisibisi, kisha osha kwa mafuta ya taa na mswaki mpaka uone chuma. Petroli isitumike: sponji inainyonya, na mvuke wake unasubiri tu mtu apite na sigara. Kutu ya juujuu itoe kwa brashi ya waya. Futa, acha ikauke.

Onyo moja hapa. Wakati wa kusafisha sogeza reli ya juu mbele na nyuma, lakini usiitoe kabisa nje ya reli ya chini. Reli nyingi zina gololi ndogo au roda za plastiki ndani. Ukiichomoa zinamwagika kwenye mchanga, na siti inayokosa gololi upande mmoja inaenda mshazari na kugoma, kama droo ya kabati la mninga wakati wa masika.

Reli ikishakuwa safi, tazama kingo zake. Zimepinda? Mara nyingi ni kazi ya nyundo ya mtu aliyekutangulia. Mkunjo mdogo unaweza kunyooshwa kwa plaizi, kidogo kidogo, huku ukijaribu kutelezesha. Mkunjo mkubwa maana yake ni reli nyingine.

6. Kagua meno na matundu.

Meno yanatakiwa yawe na kingo zilizonyooka. Kama yameliwa na kuwa ya duara, au matundu ya reli yamepanuka, kufuli itashika ukiwa umeegesha na kuachia ukiwa safarini. Hapo hapatengenezwi. Usijaze kwa kuchomelea na kusaga: joto la kuchomelea linabadilisha ugumu wa chuma kile, na sehemu hiyo ndiyo inayokushikilia siku ya breki ya ghafla. Tupi itumike kuondoa vipele vidogo tu.

Tafuta reli ya mtumba, jozi nzima ya kushoto na kulia kutoka gari moja. Gerezani Dar es Salaam au Grogan Nairobi zinapatikana, ila nenda na reli yako mkononi. Muuzaji atakuambia "hii inaingia tu." Pima wewe mwenyewe umbali kati ya matundu ya boliti, na ujaribu kufuli yake mara kadhaa kabla ya kutoa pesa.

7. Badilisha waya.

Toa waya wa zamani hata kama umekatika nusu tu. Nyuzi mbili tatu zikishakatika, zilizobaki zinafuata. Upime urefu wake ukiwa umenyooshwa, ncha hadi ncha. Waya wa breki ya baiskeli una kichwa kidogo cha chuma upande mmoja, na kichwa hicho mara nyingi kinakaa vizuri kwenye tundu la upande wa mkono. Kisipoingia, tumia kibanio kila upande. Pitisha waya kwenye njia ileile ya zamani, ndani ya ganda lake kama lilikuwepo, na uhakikishe hausuguani na springi za siti.

Sasa urefu. Mkono ukiwa umetulia, meno ya upande wa mbali lazima yaingie hadi mwisho wa matundu, na waya uwe na ulegevu kidogo tu, milimita moja au mbili. Kaza kibanio hapo. Vuta mkono: pande zote zinatakiwa ziachie kwa wakati mmoja, au upande wa mbali uchelewe kidogo mno.

Kosa la karibu kila anayefanya kazi hii mara ya kwanza ni kukaza waya kupita kiasi ili siti "ifunguke kirahisi." Ikifunguka kirahisi, haijifungi. Meno ya mbali yanabaki yamening'inia nusu tundu, siti inaonekana imeshika, na breki ya kwanza ya nguvu inayachomoa. Bora waya uwe mlegevu na uvute mkono zaidi.

Kata ziada ukiacha kama sentimita tatu, ukunje ncha isije ikachoma mtu anayeokota kitu chini ya siti.

Kwa siti ya bomba la U: nyoosha bomba mpaka ncha zote mbili ziwe usawa mmoja, zirudishe kwenye matundu yake, na ufunge pini mpya ya kukunja au waya mgumu wa kufungia mahali pa ile iliyopotea.

8. Badilisha springi iliyochoka.

Springi ya siti yako huenda usiipate kwa jina, utaipata kwa sampuli. Nenda nayo duka la spea au kwa wauza springi za pikipiki, linganisha unene wa waya, urefu ikiwa imetulia, na umbo la ndoano zake. Ikiwa ndefu zaidi haitavuta, ikiwa ngumu zaidi utauvuta mkono mpaka uukate.

Usifunge mpira wa tyubu mahali pa springi. Najua unavuta, na najua gari ngapi zinatembea hivyo. Mpira unachoka kwa joto, na unachoka polepole kiasi kwamba hutajua siku ulipoacha kufunga kufuli hadi mwisho.

Unapoirudisha, vaa miwani, shika ndoano kwa plaizi ya mdomo mrefu, uso wako usiwe kwenye mstari wa springi.

9. Paka grisi, kidogo.

Mstari mwembamba ndani ya mfereji, tone kwenye ekseli ya meno, tone kwenye pini ya mkono. Telezesha reli mara kadhaa, kisha futa yote iliyojitokeza nje. Kwenye matundu na meno paka utando tu wa kuzuia kutu. Grisi nyingi kwenye barabara ya vumbi inageuka msasa.

10. Rudisha siti.

Kabla ya kuiingiza garini, hakikisha reli zote mbili ziko kwenye tundu namba ileile. Hesabu kuanzia mbele. Kushoto ikiwa tundu la tatu na kulia la nne, siti itaingia, boliti zitakaza, na utakaa wiki nzima ukijiuliza kwa nini bado ni nzito.

Weka siti, anza boliti zote nne kwa vidole. Hakuna racheti mpaka zote nne zimeshika thredi. Zikaze nusu, sogeza siti mbele na nyuma mara mbili tatu ili reli zijipange, ndipo ukaze moja moja kwa mshazari. Kwa Toyota nyingi, boliti ya siti ya kichwa 14 hukazwa kwa takriban Nm 37 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Bila spana ya kipimo, ni mkono mmoja wenye nguvu kwenye racheti ya kawaida, bila kuongeza bomba.

11. Jaribu kufuli kabla ya kujaribu barabara.

Kwenye kila tundu, kuanzia la kwanza hadi la mwisho, achia mkono na usikilize mlio wa meno kuingia, pande zote mbili. Kisha kaa, weka miguu ukutani mwa injini pembeni mwa pedeli, jisukume nyuma kwa nguvu zako zote. Jivute mbele kwa usukani. Siti isitikisike. Ikipita hapo, endesha polepole uwanjani na ufunge breki kwa nguvu, mkanda ukiwa umefungwa. Barabara kuu ni baadaye.

Mgongo wa siti usiokunjika

Jeki na vifaa vya Hilux ya kabini moja viko nyuma ya mgongo wa siti, na watu wengi wanagundua mgongo haukunjiki siku ya pancha. Hapa kufuli ni ndoano inayoshika pini ya chuma. Ikigoma, kwanza sukuma mgongo nyuma kwa kiganja huku ukivuta kile kimkono: vitu vilivyosukumiwa nyuma yake, makoti, kamba, turubai, vinaubana mbele na ndoano haiwezi kuachia. Mgongo ukishaachia, safisha ndoano, paka grisi kwenye ekseli yake, na ukague kibushi cha plastiki cha kimkono. Kikiwa kimepasuka kimkono kinazunguka bila kuvuta chochote. Kipande cha bomba la mafuta lenye kipenyo kinachofanana kinakaa vizuri mahali pake. Kama pini imesogea au imepinda, legeza boliti zake na uirudishe katikati ya ndoano.

Ikiwa bado inasumbua

*Siti inasogea lakini ni nzito.* Legeza boliti zote nne robo mzunguko, sogeza siti mwanzo hadi mwisho, kaza tena. Isiposaidia, reli si sambamba: pima umbali kati yake mbele na nyuma, uone kama sakafu imebonyea au umesahau kibati.

*Lazima niitikise kidogo ndipo ishike.* Ni kawaida, meno yalikuwa kati ya matundu mawili. Lakini ikipita tundu zima bila kushika, rudi hatua ya 7 na 8.

*Asubuhi inagoma, mchana inakubali.* Grisi nzito na baridi. Watu wa Njombe na Makete wataelewa. Osha, paka lithiamu nyembamba.

*Inagonga gonga kwenye rafu rodi.* Kaza boliti kwanza. Zikiwa zimekaza, shika fremu utikise huku ukitazama reli: mchezo ukiwa ndani ya reli yenyewe, gololi zimeisha au mfereji umepanuka, tafuta jozi nyingine.

*Boliti inazunguka tu, haitoki.* Nati iliyochomelewa chini ya sakafu imeachia. Mtu aishike kwa spana au koleo la kubana akiwa chini ya gari. Wakati wa kurudisha weka boliti na nati mpya yenye washa pana, boliti iwe ya ugumu uleule, si ile ya kitanda.

*Sakafu yenyewe imeoza chini ya reli.* Hapo ndipo fundi wa kuchomelea anapohitajika, aweke bati nene jipya. Siti na mazulia yawe nje, betri ichomolewe, na mabomba ya mafuta na ya breki yanayopita chini yatazamwe kabla moto haujawashwa. Baada ya hapo paka redoksaidi, rangi ya kuzuia kutu, juu na chini.

*Waya mpya umekatika tena.* Haukukatika kwa uzee. Kuna ukingo unaousaga, mara nyingi pale unapopinda kuingia kwenye kufuli ya pili. Pitisha kidole hapo taratibu utausikia. Usugue kwa tupi, uvishe waya kipande cha ganda la kebo ya baiskeli sehemu hiyo, ndipo uweke mwingine.